Waraka kwa Wanachama: Kiwanja Chetu na Karatasi Zake



Tangu mabati yaanze kuzungushwa kwenye kona ya kiwanja cha watoto, wapo miongoni mwetu wanaouliza kisa cha kujisumbua na kipande kidogo hivyo. Historia ya jiji letu la Nairobi inajibu.

Karura ilitangazwa rasmi kuwa msitu mwaka 1932, zaidi ya hekta 1,000. Tangazo hilo halikuwazuia wakubwa. Miaka ya 1990 vipande vyake viligawiwa kampuni binafsi kimyakimya, na wananchi walishtuka 1998 walipoona miti ikiangushwa. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda na miche ya kupanda. Tarehe 8 Januari 1999 walipigwa langoni na kundi la walinzi. Yeye akapasuliwa kichwa, akatia sahihi taarifa yake ya polisi kwa damu. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma.

Lakini Karura ilikuwa na Wangari, na imepakana na ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri. Sisi hatumpati Wangari wala mwandishi wa habari wa ng'ambo. Tume ya Ndung'u iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma, katika ripoti yake ya 2004, ilieleza jinsi mitaa ya kawaida ilivyoliwa: viwanja vya michezo, makaburi, hata vyoo vya umma. Njia ilikuwa ileile. Mtu anapewa barua ya ugawaji, anaiuza upesi, na anayekuja kujenga anakuonyesha hati na kudai kwamba yeye alinunua tu. Mabati huja mwisho. Unyakuzi huanzia kwenye faili.

Bustani ya Jeevanjee inatufaa zaidi kama mfano. Mfanyabiashara A.M. Jeevanjee aliitoa kwa umma mwaka 1906. Ilipotakiwa kujengwa majumba na maegesho mwaka 1991, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, na Wangari alikuwa upande wake. Zarina alijua bustani ilitolewa na nani na kwa ajili ya nani. Bustani ipo mpaka leo, na wahubiri wake wa mchana hawajanyamaza, tupende tusipende.

Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inalinda ardhi ya umma, ila kifungu hakiendi chenyewe kwenye ofisi ya ardhi. Kamati itaomba utafutaji rasmi wa kumbukumbu za kiwanja, na ada yake itatoka kwenye mfuko wetu. Wenye madeni ya michango walipe. Jumamosi asubuhi tunafyeka nyasi: kuna magoli ya kusimamisha, na kiwanja chenye watoto wanaocheza ni kigumu kuitwa ploti tupu.

Mzee au mama yeyote mwenye nakala ya ramani ya mwanzo ya mtaa, risiti, barua ya baraza la jiji au picha ya zamani ya kiwanja, hata kama imeliwa na mende, aifikishe kwa katibu kabla ya Jumamosi hiyo.