Matege hayana kabila: tatizo ni ukosefu wa jua

MAPEMA mwaka huu aliletwa kwangu mtoto wa kike wa miezi 14. Vifundo vya mikono vilikuwa vimevimba, na kila alipojaribu kusimama miguu ilipinda kama upinde. Mama yake alikuwa akilia. Hakulilia matege tu, bali pia maneno ya mama mkwe, aliyesema kwamba kwao ugonjwa huo haujulikani, umetoka katika damu ya kabila la mke.

Nilimwuliza mama huyo anaishi wapi. Akasema ni ghorofa ya tatu, chumba kimoja ambacho dirisha lake linatazama ukuta wa jirani. Yeye hutoka alfajiri kwenda kiwandani kushona nguo na hurudi usiku. Hivyo ndivyo alivyoishi hata alipokuwa mja mzito. Mtoto hushinda ndani na yaya.

Msomaji, kiini cha ugonjwa ni hicho chumba, wala si kabila.

Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, ambayo huuwezesha mwili kufyonza madini ya chokaa kutoka katika chakula. Mtoto aliye tumboni halioni jua. Hutegemea akiba ya mama inayomfikia kupitia kondo la nyuma na kitovu. Damu ya kitovu ikipimwa mtoto anapozaliwa, kiwango cha vitamini hiyo huwa chini ya kile cha mama, lakini hukifuata: mama akipungukiwa, mtoto naye huzaliwa amepungukiwa. Nayo maziwa ya mama, ambayo kwa mengine hayana mfano, yana vitamini D kidogo sana.

Mawazo ya yule mama mkwe yana ndugu zake hata katika nchi zilizoendelea. Mwaka wa 1988, mjini Paris, damu ya kitovu ilitumiwa kwa mara ya kwanza kumtibu mgonjwa, mvulana aliyekuwa na ugonjwa wa damu wa kurithi, akapewa damu ya kitovu cha dada yake mchanga. Tangu hapo damu hiyo huhifadhiwa katika benki maalum, na ubora wake hupimwa kwa wingi wa seli changa zinazozaa chembe zote za damu. Huko Marekani, damu ya vitovu vya watoto weusi huwa, kwa wastani, na seli chache kuliko ya watoto weupe. Wamarekani weusi pia wana kiwango cha chini cha vitamini D. Na mwaka wa 2016, watafiti wa Marekani walionyesha katika maabara kwamba vitamini D huchochea kuongezeka kwa seli hizo changa.

Mwenye haraka ya kuhukumu atasema: kumbe damu ya Mwafrika ni hafifu. La hasha!

Mwaka wa 2012 ulitolewa utafiti uliofanywa Tanzania kwa Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi maisha yao ya asili. Wastani wao wa vitamini D ulikuwa nanomoli 115 kwa lita. Wamarekani weusi, kwa wastani, hawafikii hata 50. Ngozi ni nyeusi kwa wote. Tofauti ni kwamba mmoja hushinda malishoni chini ya jua la Ikweta, na mwingine huishi kaskazini kwenye baridi, ndani ya majengo na makoti. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi huhitaji muda mrefu zaidi juani, lakini kuhitaji muda si kuwa na kasoro. Isitoshe, hao Wamarekani weusi wana mifupa imara kuliko weupe, kwa hivyo usikimbilie kupima vitamini D kwa pesa nyingi ukidhani tarakimu pekee ni ugonjwa.

Hofu yangu ni kwamba sisi wa mijini tunajifariji kuwa Kenya ina jua la bure. Jua tunalo, lakini watoto wetu wengi hawalioni. Majengo yamebanana, nyua zimejengwa vibanda, na mtoto akitolewa nje hufunikwa blanketi hadi puani.

Kwa hivyo nashauri hivi. Mtoto atolewe nje kila siku kwa dakika chache, mikono na miguu ikiwa wazi, bila kumwacha aungue. Jua la saa moja asubuhi ni dhaifu mno. Afadhali la saa nne hivi. Jua linalopitia kioo cha dirisha halisaidii. Mtoto mwenye ualbino asianikwe. Yeye apewe matone. Kwa mtoto mchanga asiyepata jua, matone ya yuniti 400 kwa siku yanatosha, mwulize daktari. Na akishaanza kula, mpe mayai, na omena waliosagwa, ambao mifupa yao ina chokaa tele.

Wauguzi wa kliniki za wajawazito nao wamwulize kila mama: unafanya kazi wapi, na hutoka nje lini? Shirika la Afya Duniani huruhusu mja mzito anayeshukiwa kuwa na upungufu apewe yuniti 200 kwa siku. Swali hilo halina gharama.

Yule mtoto nilimpa vitamini D na chokaa. Kisha niliomba mama mkwe aje. Nilimweleza haya niliyokueleza wewe, nikampa kazi ya kumtoa mjukuu wake nje kila asubuhi. Alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza saa ngapi hasa. Sasa mtoto anatembea, na anayemshika mkono uani ni bibi yake.