Mikro ya studio ya nyumbani: tununue ile inayomsikia msemaji, si ile inayosikia mtaa mzima

Siku hizi mjini Goma studio za nyumbani zimekuwa nyingi. Kutoka Majengo hadi Ndosho na Mugunga, unakuta chumba kidogo, kompyuta moja, godoro limesimamishwa ukutani, na kijana anarekodi. Huyu anaimba rap, yule anarekodi kwaya ya parokia, mwingine anatengeneza vipindi vya habari ambavyo watu wanatumiana kwa WhatsApp. Ni jambo jema. Lakini swali linalorudi kila mara ni hili: kama pesa inatosha mikro moja tu, tununue gani?

Swali hilo si dogo. Benki za Goma zilifunga milango Januari 2025, na tangu hapo kupata dola mkononi kumekuwa mateso. Kijana anayenunua mikro mbaya leo hatapata nyingine kesho. Maoni yangu ni haya: nunueni mikro dainamiki ya kushika mkononi, yenye waya wa XLR. Ziacheni kwanza zile kubwa zinazong'aa, zinazoitwa kondensa, hata kama ndizo mnaziona kwenye video za wasanii wakubwa.

Nieleze kwa nini. Mikro kondensa ina utando mwepesi sana, na nyingi zinahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi ya sauti. Inasikia vizuri mno. Inashika pumzi, inashika mate mdomoni, inashika karatasi ikigeuzwa. Katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kurekodi, ndiyo inayoshinda. Lakini sisi tunakaa wapi? Tangu lava ya Nyiragongo ilipoingia mjini tarehe 17 Januari 2002, familia nyingi zimejijengea nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano, na mabati juu. Ubao hauzuii sauti. Jenereta ya jirani, pikipiki barabarani, watoto uani, mvua juu ya bati, vyote vinaingia. Mikro kondensa haikatai kitu: inamrekodi mwimbaji pamoja na mtaa wake.

Mikro dainamiki inafanya kazi kwa njia nyingine. Ndani yake kuna utando uliofungwa kwenye koili ndogo ya waya, na koili hiyo inatikisika katikati ya sumaku. Haidai umeme wowote. Inataka mdomo uwe karibu, na kinachotoka mbali inakisikia kidogo tu. Mfano unaojulikana zaidi ni Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na bado iko sokoni. Inashika sauti za kati ya herzi 50 na 15,000, na hiyo inatosha kabisa kwa mtu anayeongea au anayeimba. Inasikia zaidi mbele kuliko nyuma, kwa hiyo ukiuelekeza mgongo wake dirishani, sehemu kubwa ya kelele inabaki nje. Leo utaimbia nayo, kesho utasomea habari, Jumapili utaipeleka kanisani, na kesho kutwa utafanyia mahojiano sokoni.

Kuna wanaosema dainamiki ni mikro ya maskini. Si kweli. Sauti nyingi za Michael Jackson katika albamu Thriller ya mwaka 1982 zilirekodiwa kwa Shure SM7, na hiyo ni dainamiki.

Lakini sababu kubwa ya maoni yangu si muziki. Ni watu wetu.

Februari 2025 kambi za wahami kando ya mji, kama Bulengo na Lushagala, zilivunjwa. Familia zilitawanyika: wengine walirudi vijijini Masisi, Rutshuru au Kalehe, wengine wamepangishwa au wanakaa kwa ndugu. Mama anayetaka kusema yaliyompata, au baba anayetafuta mtoto aliyepotea njiani, mara nyingi atasemea katika chumba kama hicho cha mbao. Tukiweka kondensa mezani, tutamwomba apaze sauti ili ashinde kelele, na majirani watasikia kila neno kupitia ubao. Tukimpa dainamiki karibu na mdomo, anaweza kusema polepole, kwa sauti ya chini, na bado asikike.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Sauti za nyuma zinaeleza mtu yuko wapi. Kengele ya shule, adhana, jina la mtoto linaloitwa uani, muuzaji anayepita kila asubuhi: anayeujua mtaa atatambua. Tunaweza kuficha jina la shahidi na kubadilisha sauti yake, kisha tukamuuza kwa kelele za nyuma yake. Mikro isiyosikia mbali haimalizi hatari hiyo, lakini inaipunguza. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kuchagua.

Nakubali kwamba dainamiki ina upungufu. Kwaya ya watu 30 haiwezi kuimba vizuri mbele ya mikro moja ya aina hiyo. Hapo afadhali kuazima kondensa na kurekodi kanisani jioni mtaa ukitulia. Pia, mzee asiyezoea ataogopa kitu kilicho karibu na mdomo wake. Dawa yake ni kuweka mikro kwenye mguu wake, kando kidogo, na kuzungumza naye habari za kawaida kabla ya kuanza.

Wasio na kadi ya sauti wasikate tamaa. Ziko dainamiki zenye njia mbili, USB na XLR, kama Samson Q2U. Leo unaichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, na siku ukipata kadi ya sauti hutupi kitu. Lakini msikimbilie Shure SM7B kwa sababu ya jina. Sauti inayotoka humo ni hafifu, inadai kuongezewa kama desibeli 60, na kadi nyingi za bei nafuu zikifika hapo zinaanza kutoa mvumo.

Jihadharini na bandia. SM58 za uongo zimejaa masokoni. Ya kweli ina uzito wa gramu 298. Ile iliyo nyepesi kama kopo tupu iacheni. Kabla ya kulipa, ombeni kuijaribu kwa dakika moja, kisha sikilizeni kwa vipokea sauti vya masikioni, si kwa spika ya simu.

Mkishainunua, kaeni vidole vinne kutoka kwayo, mwekeeni sponji kichwani ili herufi kama "p" na "b" zisipige kishindo. Tundikeni blanketi nzito nyuma ya anayesema. Mvua ikianza kupiga mabati, acheni. Hakuna mikro inayoshinda mvua ya Goma.

Na kwa mashirika yanayosaidia vijana na redio za jamii, ombi langu ni moja: kabla ya kuleta vifaa, njooni mkae katika chumba kitakachotumika, mfunge mlango na msikilize kwa dakika tano. Mtajua wenyewe kinachofaa. Mikro tatu za kawaida, na waya imara na miguu yake, zitatusaidia kuliko moja ya gharama inayorekodi jenereta ya jirani.