Boom ni deni, ligawe kwa siku

Boom, yaani fedha ya mkopo ya chakula na malazi anayopewa mwanafunzi, likitoka, mtaa mzima unaozunguka chuo unajua. Kwa wakala wa fedha foleni inafika barabarani, mama ntilie anafungua daftari la waliokula kwa mkopo, na mwenye duka la simu anashusha bei kwa siku mbili tatu. Wiki haijaisha, sehemu kubwa ya fedha imeshatoka mikononi mwa mwanafunzi na kwenda kwa wanaomdai. Wiki saba zilizobaki ataziishi kwa kukopa tena, na boom lijalo litakapotoka litakuwa limeshaliwa.

Wapo wanaosema vijana wa siku hizi hawajui thamani ya fedha, na maneno yanaishia hapo. Sisi hatukubali. Kijana aliyetoka kidato cha sita kule Kasulu au Namtumbo hajawahi kushika hata laki moja ya kwake. Anapofika Dodoma au Dar es Salaam anapewa laki kadhaa kwa mkupuo, na katika wiki nzima ya kupokewa wanafunzi wapya hakuna aliyekaa naye nusu saa kumwonyesha hesabu yake. Hesabu hiyo ni ngumu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hukokotoa fedha ya chakula na malazi kwa kiwango cha hadi Sh10,000 kwa siku, kutoka Sh8,500 ya zamani. Kwa siku 60 za boom moja hiyo ni Sh600,000. Mwanafunzi anaiona laki sita, haioni elfu kumi iliyokatwa mara sitini. Na elfu kumi hiyo ni ya chakula na malazi kwa pamoja. Aliyekosa nafasi hosteli anapanga geto mtaani. Tuseme chumba ni Sh60,000 kwa mwezi na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita. Siku ya kwanza Sh360,000 zimeondoka. Zilizobaki, Sh240,000, ukizigawa kwa siku 60 unapata Sh4,000 kwa siku, na bado hajanunua godoro, hajatoa kopi, hajapanda daladala. Ni kweli boom la pili litakuwa na nafuu kwa kuwa kodi imeshalipwa. Lakini njaa ya mwezi huu haingoji boom la pili. Ndiyo maana vijana wanapiga pasi ndefu, mlo mmoja kwa siku, kisha tunashangaa wanaposinzia darasani.

Hapo ndipo mkopo wa simu unapoingia, na hapa tunataka kusema kwa kirefu.

Elfu thelathini inaombwa usiku na inaingia kabla chai haijapoa. Hakuna fomu, hakuna mdhamini, hakuna anayekuuliza utalipa na nini. Wiki inayofuata unadaiwa elfu thelathini na nane, au arobaini, na huna, basi unafungua programu nyingine kulipa ile ya kwanza. Watu wameiita mikopo ya namna hii kausha damu na hawakukosea. Benki Kuu imeweka ukomo kwa wakopeshaji wa daraja la pili, wale wanaokopesha bila kupokea amana: riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Maana yake ni kwamba aliyekopa Sh100,000 kwa mwezi mmoja anapaswa kutozwa riba isiyozidi Sh3,500. Mwanafunzi anayerudisha laki na thelathini baada ya wiki mbili ajue kwamba anayemkopesha amevuka mstari wa sheria.

Novemba 2024 Benki Kuu hiyo hiyo ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kidijitali bila leseni. Ilikuwa hatua njema, lakini programu iliyofungiwa leo inaweza kurudi kesho kwa jina jingine, na wa kwanza kuipakua atakuwa kijana mwenye njaa. Ubaya wa programu hizi hauishii kwenye riba. Nyingi huomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu. Siku ya malipo ikipita, ujumbe unakwenda kwa mama, kwa mjomba, kwa mwenzako wa darasani, kwamba wewe ni mdaiwa sugu na wao umewaandika wadhamini. Kijana anaaibishwa mbele ya ukoo kwa deni la elfu hamsini. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na tunayo Tume ya kuisimamia. Aliyefanyiwa hivyo ahifadhi ujumbe wote na apeleke malalamiko huko. Deni halimpi mtu haki ya kuanika simu yako.

Sasa angalia deni la upande wa pili. Julai 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 kwa mwaka iliyokuwa ikilinda thamani ya mkopo wa Bodi, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kurejesha. Mhitimu anapewa miezi 24 baada ya masomo kabla ya kudaiwa, na akiajiriwa mwajiri anakata asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Mwenye deni la Sh12,000,000 na mshahara wa Sh800,000 atakatwa Sh120,000 kila mwezi kwa miaka minane na miezi minne. Ni muda mrefu na ni fedha inayouma, lakini deni lenyewe haliongezeki. Pengine hatapata tena mkopo wenye masharti ya huruma kama hayo maisha yake yote. Kinachotuuma ni kuona mwanafunzi anachukua fedha hii isiyo na riba na kuitumia kulipa mikopo yenye riba kubwa kuliko yote mjini. Akishaajiriwa atakuwa anarejesha kwa miaka minane fedha ambayo faida yake iliishia kwa mkopeshaji asiye na leseni.

Lipo jambo jingine ambalo waandishi wa bajeti za wanafunzi hulipita kimya. Boom halimlishi mmoja. Mdogo wake yuko kidato cha tatu na hana sare, bibi anaumwa, na nyumbani wanaamini kwamba aliyefika chuo kikuu ameshaanza kulipwa. Kijana aliyelelewa vizuri hawezi kuzima simu ya mama yake, wala hatumshauri aizime. Tunamshauri awaambie nyumbani ukweli wa hesabu, tena mapema, kabla ya kuombwa: mama, hii ni fedha ya mkopo, nitakuja kuilipa, na kwa siku ninabakiwa na kiasi hiki. Akishawaambia, atenge kiasi kidogo anachoweza kutuma kila boom na asikivuke. Wazazi nao wasaidie. Anayempigia mwanawe wiki ya boom kumwomba laki moja huenda ndiye anayemsukuma kwenye mikopo ya simu bila kujua.

Bajeti yenyewe haihitaji utaalamu. Boom likiingia, toa kwanza kodi na ada ndogo ndogo za chuo. Kinachobaki usikigawe kwa siku 60, kigawe kwa 70, kwa kuwa boom huchelewa, na anayepanga kana kwamba halichelewi amepanga kukopa. Aliyelipa kodi ya miezi mitatu ya chumba kile cha Sh60,000 anabakiwa na Sh420,000. Kwa siku 70 hiyo ni Sh6,000 kwa siku, yaani Sh42,000 kwa wiki. Fedha ikae kwenye akaunti ya benki, isikae kwenye simu, na kila Jumatatu itolewe ya wiki moja kwa mara moja, maana anayetoa elfu tano kila siku anakatwa kila siku. Wanaokaa geto moja wachange wanunue mchele, maharage na mafuta ya kutosha mwezi, wapike kwa zamu. Watatu wanaopika sufuria moja wanakula vizuri kuliko mmoja anayenunua sahani mara mbili kwa siku. Na kubeti kutoke kabisa kwenye fedha ya chakula. Mkeka haujawahi kuwa chanzo cha mapato cha mwanafunzi yeyote tunayemjua.

Aliyekwisha kunaswa asikope tena, hata kama ni kulipa deni la kesho. Aandike kila anayemdai na kiasi chake. Aanze na deni linalokua haraka, hata kama ni dogo, na mama ntilie amwombe muda uso kwa uso. Mama ntilie husikiliza, programu haisikilizi. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa ajili ya mambo haya pia, kwa hiyo asingoje mpaka ameacha mitihani.

Yote hayo ni upande wa mwanafunzi. Hata hivyo, si haki kumdai nidhamu mtu asiyejua fedha yake itaingia lini. Bodi na vyuo vitangaze tarehe za kila awamu kabla mwaka wa masomo haujaanza, na zikibadilika waseme mapema na waseme sababu. Wanaochelewa kusaini ili wapate boom kwa sababu matokeo yao hayajafika Bodi wasiachwe wakihangaika kati ya ofisi mbili ilhali kosa si lao. Vyuo vikae na wenye nyumba wa mitaa jirani na kutafuta mapatano ya kodi ya mwezi mmoja mmoja au mitatu, chuo kikiwa shahidi. Serikali za wanafunzi, ambazo nyingi zina waziri wa mikopo, zifanye hili kuwa ajenda yao ya kwanza, kwa sababu litaokoa milo mingi kuliko tamasha lolote la kukaribisha mwaka wa kwanza. Na katika wiki ile ya kuwapokea wanafunzi wapya, kila chuo kitenge saa mbili za hesabu ya boom, zikifundishwa na mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyeishi geto, akiwa na bei halisi za mtaa huo. Hakuna bajeti mpya inayohitajika kwa hilo, na linaweza kuanza mwaka huu wa masomo.