Inhela Peke Yake Haimtoshi Mtoto

Juma lililopita niliitwa mbio katika darasa la chekechea la shule ninayofunza. Mtoto wa miaka mitano alikuwa ameinamia dawati, mabega yakipanda na kushuka, kifua kikilia kama filimbi. Inhela yake ilikuwamo mkobani. Mwalimu aliitikisa, akamtia mtoto kinywani, akabonyeza mara mbili. Dawa ikaishia ulimini. Mtoto alinusurika kwa kuwa zahanati i karibu, na muuguzi alikuwa na chombo ambacho sisi hatukuwa nacho.

Inhela hii ya kubonyeza ilianza kuuzwa Marekani mwaka wa 1956. Inasimuliwa kwamba msichana wa miaka 13 mwenye pumu alimwuliza babake, mkuu wa kampuni ya dawa, kwa nini dawa yake isitiwe katika mkebe wa kupuliza kama ile ya nywele. Swali zuri, ila aliyeuliza alikuwa na umri wa kuweza kubonyeza na kuvuta pumzi kwa wakati mmoja. Mtoto wa chekechea hawezi. Hata watu wazima wengi hukosea.

Ndiyo sababu madaktari husisitiza spesa, yaani chombo cha plastiki chenye uwazi ndani, kinachochomekwa inhela upande mmoja na mtoto akavuta upande wa pili. Dawa husubiri humo, naye huvuta pumzi tano au sita kwa utaratibu wake, kisha ndipo ibonyezwe tena. Aliye chini ya miaka minne huongezewa barakoa ya kufunika pua na mdomo.

Wapo wazazi wanaoisifu inhela ya unga kwa kuwa haihitaji chombo kingine. Sikatai, kwa kijana wa sekondari. Lakini unga huo huvutwa kwa nguvu za mapafu ya mgonjwa mwenyewe, na mtoto aliyebanwa kifua hana nguvu hizo. Wengine huiamini mashine ya mvuke ya hospitalini, ambayo hutaka umeme na dakika nyingi. Ilhali uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba, isipokuwa pumu ikiwa kali mno, inhela yenye spesa haishindwi nayo.

Yamkini mtasema spesa ni ghali. Mwaka wa 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walitangaza matokeo ya kuwajaribu watoto kwa chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni tundu la kuikaza inhela na kuzibwa kwa gundi isivuje. Ilifanya kazi sawa na spesa ya dukani. Kikombe chepesi cha kutupwa hakikufua dafu.

Walimu wenzangu, chupa kama hizo tunazizoa uwanjani kila Ijumaa! Nanyi wanafunzi mnaosomea ualimu, mwombeni muuguzi awaonyeshe namna ya kuitengeneza kabla hamjakabidhiwa darasa. Kila mtoto awe na yake, ioshwe kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke bila kufutwa, kwani kitambaa huipa umeme unaonasa dawa. Asiyepata nafuu upesi akimbizwe hospitalini.

Yetu ya kwanza muuguzi ametusaidia kuitoboa. Iko rafuni darasani, si katika kabati la ofisi lenye kufuli.