Figo hazipigi kelele

Hakuna juma linalopita bila mgonjwa kuingia chumbani mwangu ameshika kiuno na kuniambia, "Daktari, figo zinaniua." Aghalabu ni mkulima aliyeinama shambani Rongo kutwa nzima, au mvuvi wa Mbita aliyevuta nyavu usiku kucha. Nikimpima, naona figo ni nzima. Kinachouma ni misuli ya mgongo. Kisha huingia mwingine asiye na maumivu yoyote. Amekuja kwa sababu viatu vimeanza kumbana na uso humvimba asubuhi. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu.

Ukichinja mbuzi, pasua figo yake kwa urefu uitazame, kwa maana yako imejengwa kwa namna inayokaribiana nayo. Utaona tabaka la nje, kisha sehemu ya ndani iliyokoza rangi, na katikati uwazi mweupe unaokusanya mkojo kabla haujateremka kwa mrija hadi kwenye kibofu. Figo zako mbili, kila moja kama ukubwa wa ngumi, zimekaa nyuma ya matumbo, huku na huku ya uti wa mgongo. Ya kulia imeshuka kidogo kwa sababu ini limekaa juu yake.

Kila figo ina vichujio vidogo mno vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja huchuja maji ya damu kama lita 180, yaani mitungi tisa ya lita 20. Karibu maji yote hayo hurudishwa mwilini pamoja na sukari na chumvi inayohitajika. Lita moja au mbili hivi zinazobaki, zikiwa zimebeba taka, ndizo mkojo. Isitoshe, figo husawazisha presha, huagiza uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu, na huitayarisha vitamini D ili mifupa iwe imara. Ndiyo maana mgonjwa wa figo hupungukiwa damu na presha yake hupanda.

Mbona basi haziumi zinapoharibika? Kwa sababu zina akiba kubwa. Mtu aweza kumpa nduguye figo moja na akaishi vyema kwa ile iliyobaki. Vichujio vikifa kimyakimya, vilivyosalia hubeba mzigo, hata siku vinapolemewa.

Maadui wakuu ni presha na kisukari, lakini huku kwetu Migori na Homa Bay wako wengine. Kaunti hizi mbili ni miongoni mwa zilizoathiriwa zaidi na virusi vya UKIMWI nchini, na virusi hivyo hushambulia vichujio. Dawa za kuvipunguza makali huzilinda figo, ingawa mojawapo, tenofovia, huweza kuzisumbua figo za watu wachache. Usiache dawa! Mwombe daktari akupime kreatinini katika damu. Wachimbaji wa dhahabu wa Nyatike wanaochanganya zebaki kwa mikono na kuichoma huvuta mvuke wake, na zebaki hiyo hurundikana katika figo. Wakata miwa wa Awendo nao wafahamu kwamba huko El Salvador na Nikaragua wafanyakazi wengi wa mashamba ya miwa, wakiwamo vijana wasio na kisukari, wameugua figo. Jua kali na kukosa maji ya kutosha vinahesabiwa miongoni mwa sababu.

Na yule mwenye mgongo unaouma? Akienda dukani kila siku kununua diklofenaki au ibuprofeni, au akinywa manyasi asiyoyajua kipimo, huenda akajiletea ugonjwa ule ule aliouogopa.

Wapo watakaoniambia, "Daktari, siku hizi mashine zipo." Ni kweli. Mpango wa serikali wa mwaka 2015 wa kukodi vifaa ulisambaza mashine za kusafisha damu katika hospitali za kaunti, na jambo hilo limeokoa maisha ya wengi. Lakini mashine haiponyi figo. Mgonjwa hulala hapo kama saa nne, mara mbili au tatu kwa juma, hadi apate figo ya kupandikizwa au maisha yake yaishe. Hata bima ikilipia mashine, nauli kutoka kijijini na siku za kazi zinazopotea ni juu ya familia.

Maoni yangu ni haya: kila zahanati, hata ile ya mwisho ufukweni, iwe na kipimo cha presha kinachofanya kazi na vijiti vya kupimia mkojo. Kijiti kimoja ni cha bei ndogo, nacho huonyesha protini na damu mkojoni kabla mguu haujavimba. Shilingi inayonunua mashine pekee huku zahanati ikikosa vijiti ni shilingi iliyochelewa.

Nawe msomaji, usingoje serikali. Ikiwa una presha, kisukari au virusi, au katika jamaa zako yupo aliyeugua figo, omba kupimwa mkojo na damu angalau mara moja kwa mwaka. Ukiona mkojo una povu lisilokwisha, au una rangi ya damu, nenda hospitali siku hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa figo haujengeki.