Simu Inayojipiga: Msimbo Ndiyo Kazi Rahisi

Leo nataka tuongee kuhusu jambo ambalo wateja wanazidi kuliomba: programu ya Node.js iweze kumpigia mtu simu yenyewe. Msimamo wangu ni huu: kuifanya ipige simu ni kazi ya mchana mmoja. Kuifanya simu hiyo istahili kupokelewa ndiyo kazi yenyewe, na wengi wetu tunairuka.

Kwanza, inavyofanya kazi. Seva yako haipigi simu. Inatuma ombi kwa kampuni kama Twilio, au Africa's Talking ya hapa Nairobi, ikitaja namba inayopiga na inayopigiwa. Mtu akipokea, kampuni inaiuliza seva yako kwa ombi la POST: nimwambie nini? Wewe unajibu kwa XML: msomee maneno haya, mchezee faili hii ya sauti, subiri abonyeze tarakimu. Akibonyeza, linakuja ombi jingine. Basi! Ni kazi ya wavuti tu, na Node inaimudu kwa sababu haigandi ikimsubiri mtu mmoja.

Sasa tuje kwenye yale yasiyoandikwa kwenye mafunzo.

La kwanza ni saa. Hifadhidata ina miadi ya kliniki ya 9:00. Programu inatunga sentensi, mashine inasoma "saa tisa". Mama anayezungumza Kiswahili kila siku atafika saa tisa alasiri, wakati daktari alimngoja saa tatu asubuhi. Hakuna hitilafu itakayoonekana kwenye kumbukumbu za seva. Kila kitu kitasema simu imefaulu. Toa sita, taja asubuhi au alasiri, na bora zaidi mtafute mtu mwenye sauti njema arekodi sentensi hizo. Sauti ya mashine iliyofundishwa Kiingereza ikipewa Kiswahili isome, msikilizaji hudhani ni matapeli na kukata.

La pili pia ni saa. Seva nyingi huendeshwa kwa saa za UTC, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Kazi uliyoipanga ianze 18:00 itawapigia watu saa tatu usiku. Weka Africa/Nairobi waziwazi ndani ya programu, usitegemee bahati.

La tatu ni kitanzi. Ukiwapa Promise.all namba 3,000, zote zinaondoka kwa mkupuo. Laini zinajaa, simu zinakatika, programu inajaribu tena, na kila inayopokelewa inalipiwa. Weka foleni, weka kikomo cha kujaribu tena, na uhifadhi hali ya kila simu kwenye hifadhidata. Ukiihifadhi kwenye kumbukumbu ya mchakato, seva ikiwashwa upya watu wale wale watapigiwa mara ya pili.

La nne, angalia namba zenyewe. Tangu 2019 tuna namba za simu za mkononi zinazoanza na 01. Ukaguzi unaokubali 07 peke yake unawafungia watu nje kimyakimya.

Kuna watakaosema, si utume SMS tu, ni rahisi zaidi? Kwa wengi, ndiyo. Lakini yuko asiyesoma, yuko asiyeona vizuri, na yuko aliyelala. Wakati wa mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ujumbe wa maandishi usiku wa manane usingemwamsha mtu aliye kando ya mto. Simu inayoita humwamsha.

Ndiyo maana napinga kutumia njia hii kutangaza bidhaa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakutaka uwe na ruhusa ya mtu kabla ya kutumia data yake kibiashara, lakini hata bila sheria, fikiria: kila simu ya mashine inayouza mikopo inamfundisha mtu kutopokea. Siku ya onyo la kweli, ataiona namba ngeni na kuigeuza simu kifudifudi.

Kwa hiyo kabla hujaandika mstari wa kwanza, jiulize kama ungempigia mtu huyu kwa mkono wako mwenyewe, saa hiyo, kwa habari hiyo. Kama hapana, seva yako nayo inyamaze.

Mnaonaje?