Aliyekesha kazini aachwe alale

Mtu akionekana amelala saa 5 asubuhi katika mitaa ya Makanyagio au Nsemulwa mjini Mpanda, jirani wa kwanza humdhania mgonjwa na wa pili humwita mvivu. Ni wachache wanaouliza kama mtu huyo alikuwa wodi ya wazazi usiku kucha, au langoni mwa ghala, au kwenye usukani wa gari la wagonjwa. Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 Taifa limefundishwa kuheshimu jasho, na ni haki. Mwaka 1983, ilipotungwa Sheria ya Nguvu Kazi, mkazi wa mjini aliyeshindwa kuonyesha kazi yake alitakiwa aende akazalishe mali. Lakini katika mafunzo hayo yote kazi ilihesabiwa kwa jua. Mfanyakazi wa usiku hakuwa na mahali katika hesabu hiyo, na hadi leo ni vigumu kumpatia.

Ajabu ni kwamba wakulima wanalielewa jambo hili kuliko maofisa. Wakulima wa tumbaku ya mvuke katika Mkoa wa Katavi hukesha kwa kupokezana wakichochea moto wa mabani, kwa kuwa jani hukaushwa usiku na mchana kwa muda wa wiki moja hivi, na joto likiyumba jani huharibika na bei yake huanguka. Mkulima aliyekesha kwenye bani akijilaza mchana kivulini, nani atamwamsha ili ahudhurie mkutano? Jamaa zake wote wanajua thamani ya kitu alichokuwa akikilinda. Muuguzi naye alikuwa akilinda roho za watu.

Tena usingizi wa mchana haulingani na wa usiku. Mwili wa binadamu una saa yake ya ndani, ambayo hurekebishwa kila siku na nuru inayoingia machoni. Wamarekani watatu, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa hiyo inavyofanya kazi. Jua likichomoza, saa hiyo huuamuru mwili uwe macho. Ndiyo sababu aliyekesha hulala kwa mang'amung'amu, akazinduka saa 7 mchana angali mchovu. Madhara yake si madogo. Mwaka 2007 taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani iliiweka kazi ya zamu za usiku miongoni mwa mambo yanayoelekea kusababisha saratani, na mwaka 2019 ikauthibitisha uamuzi huo.

Mpanda kuna na bati. Nyumba isiyo na dari, katika joto la Septemba na Oktoba kabla ya mvua, hugeuka tanuri ifikapo saa 6 mchana. Nje ya dirisha kuna mashine ya kusaga, redio ya dukani, na gari la matangazo lisilochoka. Kanuni za udhibiti wa kelele za mwaka 2015 zinaruhusu kelele kubwa zaidi mchana kuliko usiku. Si kosa, maana mji hauwezi kunyamaza mchana. Lakini inaonyesha kwamba hata watunga kanuni walimfikiria yule anayelala usiku tu.

Anayeumia zaidi ni mwanamke. Muuguzi au mkunga arudipo asubuhi huyakuta madumu ya maji yakimngoja, watoto hawajavaa sare, na jiko halijawashwa. Atachota, atapika, atafua, na anapofika kitandani jua limekwisha pasha bati. Mume anayesema kwamba mkewe ameshinda amelala ajihesabie mwenyewe saa alizolala mama huyo. Usiku unaofuata mkono huo huo utapima dawa ya mtoto mchanga saa 10 alfajiri. Dereva naye, akiwa hakulala mchana, anaweza kupewa mgonjwa wa kupelekwa Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 500.

Yako mambo ambayo mfanyakazi mwenyewe anaweza kuyafanya. Aache chai na kahawa saa za mwisho za zamu. Alale mara afikapo nyumbani, kabla bati halijapata moto. Atundike blanketi dirishani, nuru isimwone, na simu aizime. Kabla ya kurudi kazini ajipatie usingizi mfupi jioni. Lakini juhudi hizo zote huvunjwa na barua moja ya kumwita kikaoni.

Hapa ndipo wakuu wa idara wanapopaswa kujitazama. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inautambua usiku kuwa ni kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inaagiza mfanyakazi alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake kwa kila saa ya kazi katika muda huo. Nyongeza hiyo hukumbukwa, walau kwa manung'uniko. Linalosahauliwa ni agizo jingine la sheria hiyo hiyo, kwamba kati ya kumaliza kazi na kuanza tena pawe na mapumziko ya saa 12 mfululizo, ukiacha hali chache zilizotajwa. Aliyetoka zamu saa 1 asubuhi ana haki ya mapumziko hayo hadi saa 1 usiku. Semina ya saa 4 asubuhi, anayolazimishwa kuisainia mahudhurio, inayakata vipande viwili.

Wanaoandaa ratiba wanaweza kuanza mwezi huu. Kikao kinachowahusu watu wa zamu ya usiku kifanyike kabla hawajaingia zamu, muda wake uhesabiwe kuwa wa kazi, au wapelekewe kumbukumbu zake kwa maandishi. Shule za bweni nazo zisisahauliwe: mwalimu mlezi aliyeamshwa mara tatu usiku kwa ajili ya mwanafunzi mwenye homa asipangiwe kipindi cha kwanza asubuhi hiyo, na mwenzake anayekishika kipindi hicho asiuandike usingizi wake katika daftari la watoro.